Taa ya Sufuria kwa Dashibodi, na Presha ya Mama

Wacha nianze na swali. Kwa gari ya kwenu, ile ya mzee au ya anko, kuna taa ngapi za manjano zimewaka na kila mtu amezizoea?

Usinidanganye ati hakuna. Nimepanda magari yenu. Nimekalia kiti cha mbele kutoka Wote hadi Emali, dashibodi inawakawaka kama duka la simu usiku, na dereva anaimba tu. Ukiuliza unajibiwa, "Hizo ni taa tu. Gari iko sawa."

Leo tuongee kuhusu moja tu kati ya hizo. Ni ya manjano, inafanana na sufuria iliyokatwa katikati, na ndani ina alama ya mshangao. Mama yangu alipoiona mara ya kwanza aliniuliza kama gari inasema chakula kimeiva. Sasa, hiyo si sufuria. Ni tairi iliyokatwa ikaonyeshwa kwa ndani, na inakwambia upepo umepungua.

Mimi pia sikuwa najua. Nilijua mwezi wa saba, kando ya barabara pale Mutomo, mama akiwa kiti cha nyuma, amechelewa kliniki.

"Imekuwa hapo tangu Mombasa"

Gari yenyewe ni ya anko, kakake mama. Ni kigari kidogo kilichotumika Japani kwanza kikaletwa huku, kama magari mengi unayoyaona Kitui na Makueni. Anko anaishi Wote. Mimi pia naishi Wote, napiga vidio zangu na kazi ndogo ndogo za picha za harusi. Mama yuko nyumbani, ndani ndani ya Ikutha, upande wa Kitui. Ako na presha. Kila baada ya miezi mitatu anafaa kuonekana kliniki Kitui mjini, na safari hiyo ilikuwa zamu yangu kumpeleka.

Anko alinipa ufunguo na sheria tatu: usibebe mbuzi, usiendeshe usiku, rudisha na mafuta. Nilipowasha injini nikaona kipande cha selotepu nyeusi kimebandikwa kwa dashibodi.

"Anko, hii ni ya nini?"

"Kuna taa hapo inasumbua macho. Imekuwa hapo tangu tutoe gari Mombasa. Fundi alisema hiyo ni ya urembo."

Taa ya urembo. Na mimi nikasema sawa anko. Si ati niliamini. Nilikuwa na aibu. Kuna ile aibu ya msichana aliyepata leseni juzi, hataki kuuliza swali la pili asije akaambiwa "ndio maana sikutaka kukupa gari."

Kabla sijatoka mjini nikaweka mafuta. Kijana wa pampu akaniuliza vizuri tu, "Madam, tuangalie tairi? Upepo ni bure."

Nikafikiria haraka. Nikikubali, ataniuliza niweke ngapi. Na mimi sijui ni ngapi. Nikamwambia, "Ziko sawa, niko na haraka."

Hiyo sentensi naikumbuka hadi leo.

Nikashuka Kathonzweni hadi Makindu, nikaingia barabara kuu ya Mombasa na malori yake, nikafika Kibwezi nikakata kushoto kuelekea Kitui. Kama hujapita hiyo barabara siku hizi, pita. Zamani ilikuwa vumbi na mawe, sasa ni lami, unavuka mto Athi ukiwa umetulia. Lakini lami nzuri iko na ujanja wake. Inakufanya ukimbie, na inakuficha makosa. Kwa mawe ningesikia tairi inalalamika. Kwa lami gari ilikuwa inateleza tu. Jioni nikafika nyumbani, nikala muthokoi, nikalala.

"Ni upepo, mama"

Asubuhi ilikuwa na baridi. Watu wa Nairobi hufikiria Ukambani ni jua mwaka mzima, lakini Julai alfajiri utatafuta sweta. Mama alitoka na leso mbili na kadi yake ya kliniki kwa pochi. Akakaa nyuma, kwa sababu kulingana na yeye kiti cha mbele ni cha watu waliochoka kuishi.

Sikuzunguka gari kuangalia tairi. Gari iliwaka, kwa hivyo kwangu ilikuwa sawa.

Tulipoingia lami nikaanza kusikia usukani unavuta kushoto. Kidogo tu. Nikashika kwa nguvu. Baada ya muda ukavuta zaidi. Mama hajawahi kuendesha chochote chenye injini, lakini ndiye aliyeongea kwanza.

"Mwanangu, mbona gari inaenda kama mbuzi anavutwa sokoni?"

"Ni upepo, mama."

Nilimaanisha upepo wa nje. Sasa hivi naona ni kama gari ilikuwa inanijibia.

Tulipofika Mutomo nikapunguza mwendo kwa matuta, na vijana wa boda wakaanza kupiga mayowe. "Madam! Tairi! Tairi ya nyuma!" Nikatoka kando. Kulikuwa na mzee wa pancha chini ya mwarobaini, na kompresa yake na meza ya tairi kuukuu. Hakuniuliza kitu. Aliinama, akaweka nyuma ya kiganja kwa tairi ya nyuma kushoto, akaondoa mkono haraka.

"Mami, hebu weka mkono hapa."

Nikaweka. Ilikuwa moto kama kikaango. Nikagusa ile ya kulia, ilikuwa na joto la kawaida tu.

Akachomeka geji. 12.

"Ulikuwa unaenda na ngapi?"

"Tisini."

Akanyamaza. Halafu akaniuliza niko na nani. Nikasema na mama. Akamwangalia mama pale nyuma, akaniangalia mimi, akasema, "Nyinyi mmeombewa."

Alipoivua tairi kutoka kwa rimu na kuinamisha, kulimwagika unga mweusi chini, kama majani ya chai. Ule unga ni tairi yenyewe. Alinieleza kwa lugha ambayo naielewa hadi sasa. Upepo ndio unabeba gari, mpira haubebi. Upepo ukiisha, mpira unaanza kubeba uzito ambao si wake, ubavu unajikunja na kujikunjua kila mzunguko, unajisaga kwa ndani, unapata joto. Kwa nje inaonekana ni tairi tu. Kwa ndani imeshakufa. Ukiendelea kwa kasi, inapasuka. Na ikipasukia kwa tisini, gari haikuulizi kama umebeba mama.

Msumari wenyewe ulikuwa mfupi kuliko kidole changu kidogo. Pengine niliuokota barabara ya Mombasa siku iliyopita, upepo ukatoka polepole usiku kucha.

"Hii haizibwi," mzee akasema. "Toa spea."

Nikatoa spea. Geji ikasoma 10.

Sikuwa na la kusema. Mzee akaijaza, akaifunga, akanitoza mia tatu. Mama alikuwa amekaa kwa kibenchi, leso kwa magoti, ananiangalia bila kusema kitu. Kama umelelewa na mama Mkamba unajua hiyo kimya ni kali kuliko kiboko.

"Sikuwa nasikia kitu"

Tulifika kliniki saa nne na nusu. Muuguzi alimkalisha kwanza apumzike, halafu akampima. Juu 178, chini 106. Akarudia baada ya muda. Ikashuka kidogo tu.

"Mama, dawa unakunywa?"

Mama akaangalia kadi yake. "Niliacha mwezi uliopita."

"Kwa nini?"

"Sikuwa nasikia kitu. Kichwa hakiniumi. Nikaona nimepona."

Nilitaka kumkaripia. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Halafu nikamkumbuka yule kijana wa pampu na upepo wake wa bure. Ziko sawa, niko na haraka. Gari ilikuwa inawaka, sikuwa nasikia kitu, nikaona iko sawa. Na mama amekaa hapo anasema maneno yangu.

Muuguzi hakupiga kelele. Alimwambia tu kwamba presha ya damu mara nyingi haiumi, ndiyo maana watu huiita muuaji wa kimya kimya, na kwamba dawa zilikuwa zinafanya kazi ndiyo maana alijiona mzima. Kisha akaongeza kitu ambacho sikujua. Tangu mwisho wa 2023, wale wahudumu wa afya wa kijijini wamepewa mikoba yenye mashine ya kupima presha. Kwa hivyo mama hahitaji kungoja miezi mitatu wala kungoja kichwa kiume. Anaweza kupimwa karibu na nyumbani.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nawaza. Mwili wa mama hauna taa. Gari ya anko iko nayo, na sisi tukaibandika selotepu.

Sasa, hii taa inafanyaje kazi?

Nilirudi Wote na hasira ya kutaka kujua. Wacha nikupe kwa ufupi.

Hii taa imetokana na vifo vya watu. Mwaka 2000, Firestone iliita irudishwe tairi milioni 6.5 kule Marekani, nyingi zikiwa zimefungwa kwa Ford Explorer. Zilikuwa zinabambuka gari ikiwa kwa kasi, hasa kwa joto. Zaidi ya watu 200 walikufa. Mwaka huo huo Bunge lao likapitisha sheria, na kufikia magari ya modeli ya 2008, kila gari ndogo mpya kule lilipaswa kuwa na hii taa. Ulaya wakafuata, na tangu Novemba 2014 magari yote mapya ya abiria yanakuja nayo.

Kuna aina mbili. Ya kwanza haipimi upepo wenyewe. Inatumia vifaa vya breki za ABS kuhesabu mizunguko ya kila gurudumu. Tairi iliyopungukiwa upepo ni fupi kidogo, kwa hivyo inazunguka haraka kuliko wenzake, na gari inashtuka. Aina hii iko na udhaifu wake: tairi zote nne zikipungua pamoja polepole, inaweza isione tofauti.

Ya pili iko na kifaa ndani ya kila tairi, kimefungwa pamoja na valvu. Mafundi wanakiita sensa. Si ile ya kuhesabiwa 2019, tulia. Hicho kifaa kinapima upepo na kutuma habari kwa gari bila waya. Na kina betri ndogo iliyofungiwa ndani, ambayo hudumu kama miaka 5 hadi 10. Betri ikiisha huibadilishi, unanunua sensa mpya.

Sasa piga hesabu na mimi. Kenya hairuhusu kuingiza gari iliyozidi miaka 8. Gari ya anko ilikuja ikiwa na miaka 7. Imekaa Wote miaka 4. Hiyo ni 11. Betri za zile sensa zilikuwa zinakata roho hata kabla gari haijashuka meli.

Hapo ndipo "taa ya urembo" inazaliwa. Tunanunua magari wakati vifaa vyake vya kuonya vinazeeka. Taa inawaka siku ya kwanza, hakuna kitu kibaya kinatokea, fundi anasema puuza, tunapuuza. Miaka minne baadaye tumefundishwa na gari yetu wenyewe kutoamini gari yetu wenyewe.

Sehemu iliyoniuma zaidi ilikuja wiki iliyofuata. Tulimpata fundi Wote mwenye mashine ya kusoma gari. Akaichomeka. Sensa mbili zilikuwa zimekufa, zote za upande wa kulia. Za kushoto zilikuwa hai.

Tairi ya msumari ilikuwa ya kushoto.

Elewa hiyo. Ile tairi ilikuwa inapiga nduru. Ilikuwa inatuma habari kila wakati: upepo umeisha, upepo umeisha. Lakini taa ni moja tu, na ilikuwa imeshawaka miaka minne kwa sababu ya zile sensa mbili zilizokufa. Kwa hivyo hata bila selotepu nisingejua. Onyo la uongo lilikuwa limekalia kiti cha onyo la kweli.

Na hapa ndipo maoni yangu yako. Watu hufikiria ubaya wa taa mbovu ni kwamba inasumbua macho. Hapana. Ubaya wake ni kwamba inakufanya mtu asiyeshtuka. Kipofu angalau anajua haoni. Sisi tulikuwa tunaona kila siku tukasema ni urembo.

Kama taa yako imewaka, fanya hivi

Mimi si fundi. Haya ni yale nimejifunza kwa mzee wa pancha, kwa kile kitabu cha gari ambacho hakuna mtu hufungua, na kwa makosa yangu.

1. Angalia inavyowaka. Kama imewaka tu ikatulia, upepo umepungua kwa tairi moja au zaidi. Kama ukiwasha gari inapepesa kwa karibu dakika moja au zaidi halafu inatulia, kwa magari mengi hiyo ina maana mfumo wenyewe ni mbovu. Hizo ni habari mbili tofauti. Sisi tulizichanganya miaka minne.

2. Ikiwaka ukiwa barabarani, punguza mwendo bila kukanyaga breki ghafla, tafuta mahali salama, shuka, zunguka gari. Usukani ukivuta upande mmoja, usimwambie mama ni upepo.

3. Jua namba ya gari yako. Fungua mlango wa dereva, angalia pembeni kwa bodi, kuna karatasi imebandikwa. Kwa magari ya Japani mara nyingi maandishi ni ya Kijapani, lakini namba ni namba. Ukiona 230 kPa, hiyo ni karibu PSI 33. Ya anko ni hiyo. Usifuate namba kubwa iliyoandikwa kwa tairi lenyewe, ile ni kiwango cha juu kabisa, si kiwango cha gari yako.

4. Pima asubuhi kabla hujaendesha. Tairi ikitembea inapata joto na upepo unapanda. Kila joto la hewa likishuka kwa nyuzi 5 au 6, unapoteza karibu PSI moja. Ndiyo maana taa hupenda kuwaka alfajiri ya Julai na kuzima mchana. Ikizima mchana haijapona. Imepata joto tu. Pima.

5. Achana na ile hadithi ya "huku kuna jua, punguza upepo tairi isipasuke." Nimeisikia Kitui, nimeisikia Makueni, nimeisikia kwa watu wazima wenye magari mengi. Ni kinyume. Upepo mdogo ndio unafanya tairi ijikunje na kupata joto. Wale waliotengeneza gari wanajua tairi hupata moto, na namba ya mlangoni ilishahesabu hiyo.

6. Usiamini macho wala teke. Marehemu baba alikuwa anapiga tairi teke kila asubuhi, na nampenda kwa hilo, lakini tairi za siku hizi zinaweza kupoteza robo ya upepo na zikaonekana sawa kabisa. Kwa sheria ya Marekani taa inapaswa kuwaka upepo ukipungua kwa asilimia 25. Kwa gari ya 33, hiyo ni karibu 25. Kwa macho huwezi kutofautisha 33 na 25. Mimi nimejaribu.

7. Kuna magari yana kitufe cha kuweka mfumo upya. Kibonyeze baada ya kujaza tairi zote sawasawa. Ukikibonyeza tairi zikiwa na upepo mdogo, umeifundisha gari kwamba huo upungufu ndio kawaida. Hiyo ni selotepu ya kisasa.

8. Spea nayo ni tairi. Ipime.

9. Nunua geji yako. Yangu ni ya mshale, nimeinunua mia tano, haitumii betri, inakaa kwa mlango. Ni bei ya chipsi na kuku wa watu wawili, usiniambie huna.

Kuhusu hiyo "weka kawaida"

Nataka kusema kitu hapa, hasa kwa wasichana wenzangu, lakini hata nyinyi vijana mnaojifanya mnajua.

Nikiwa kituo cha mafuta siku hizi huwa nasikiliza. Kijana wa pampu anauliza, "Niweke ngapi?" Na watu wengi, wenye magari makubwa kuliko ya anko, wanajibu, "Weka kawaida." Kawaida ni ngapi? Hakuna ajuaye. Kijana naye anaweka ile anayowekea kila mtu. Wote wawili wameogopa kuonekana hawajui, na gari inaondoka na namba ya kubahatisha.

Mimi aibu yangu ya dakika moja ilikuwa karibu inigharimu mama. Si maneno ya kutafuta huruma. Ni hesabu tu: 12 kwa geji, tisini kwa mwendo, mtu mmoja nyuma mwenye leso mbili. Kama ningesema tu "mimi sijui ni ngapi, nisaidie kuangalia," yule kijana angefungua mlango akanionyesha ile karatasi. Kuuliza ni bure. Upepo ni bure. Kiburi ndicho kilikuwa na bei.

Tulipofikia

Anko hakufurahia bei ya sensa mbili. Ilikuwa inakaribia bei ya tairi moja mpya, na tairi moja alikuwa ameshanunua kwa sababu yangu. Kwa hivyo tukakubaliana tuanze na geji, kila Jumamosi asubuhi. Sensa alikuja kuziweka baadaye, alipouza ndengu. Siku hiyo alibandua selotepu mwenyewe. Taa ikapepesa, ikazima. Aliwasha na kuzima gari mara tatu kuhakikisha, kama mtoto na tochi.

Wiki kadhaa baadaye akanipigia simu saa kumi na mbili asubuhi. Nilidhani kuna msiba.

"Ile sufuria imewaka."

"Umepima?"

"Nimepima. Ya mbele kulia iko 24. Naenda kuweka upepo sasa hivi."

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Wote, ile taa ilisema kitu na kuna mtu akaitikia.

Mama naye amerudia dawa. Mhudumu wa afya wa kijiji hupita kumpima na kumwandikia namba kwa daftari la shule. Nikimpigia Jumamosi, nikiwa nimechuchumaa kando ya gari na geji mkononi, namuuliza, "Mama, presha ngapi?"

Ananisomea. Wiki iliyopita ilikuwa 136 kwa 84. Halafu hakati simu. Ananiuliza, "Na ya gari?"

Na mimi namsomea zote tano. Akisikia nimetaja nne tu, ananiuliza, "Na ile ya ndani ya buti?"

Kesho asubuhi, kabla gari ya kwenu haijawashwa, toka nje na uzipime. Ukipata namba mbaya, usimtoroke mzee. Mwambie.